Wimbi Lililowashwa Darasa Likiwa Majini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Ofisi ya Upelelezi

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, mtaani anafahamika kama Mama Nywele
Umri: miaka 44
Kazi: msusi, ana saluni yake
Makazi: nyumba za ghorofa nyuma ya soko la nguo
Uhusiano na majeruhi: mkwe wake, mjane wa mwanawe

Mimi ni mtu niliyetajwa hapo juu. Ninayaeleza haya kwa hiari yangu mbele ya afande mpelelezi, nikiwa na akili timamu, na hakuna aliyenituma.

Majeruhi namwita mama. Ni mama mzazi wa mume wangu, aliyefariki kwa ugonjwa wa figo miaka minne iliyopita. Alikuwa mtoto wake wa pekee, na mimi sikujaliwa kuzaa. Baada ya mazishi ndugu wa mume walikaa sebuleni, shangazi yake mmoja akauliza mimi nitarudi kwetu lini. Mama alikuwa anakunja mashuka. Akasema, "Huyu kwao ni hapa. Anayetaka kurudi kwao, mlango ule pale." Tangu siku hiyo tumeishi wawili.

Mama ana miaka sitini na tatu. Alishona sare kiwandani mpaka akastaafu, na baada ya hapo akawa mtu wa dirishani. Mwezi wa kwanza mwaka huu alinikuta saluni nasuka mteja, akaketi kwenye kiti cha kuoshea nywele, akaniambia, "Mkwe, nataka kujifunza kusimama juu ya maji." Mteja alicheka mpaka nikakosea mstari. Mama hakucheka. Alikuwa ameona tangazo kwenye ukuta wa bustani ya michezo ya maji iliyo kando ya barabara kuu, kwamba kuna darasa la wanawake wanaoanza, la kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao, Jumanne na Alhamisi asubuhi.

Nikamwambia, "Mama, wewe hata beseni likijaa unaliogopa."

Akasema, "Ndiyo maana. Nimechoka kukaa kama kabati, nafunguliwa mtu akitaka kitu."

Nilijiandikisha naye kwa sababu sikutaka aende peke yake.

Afande amesema hajawahi kufika pale, kwa hiyo naeleza bwawa lenyewe. Ni pana kama uwanja wa mpira wa shule. Upande mmoja maji yanaanzia kwenye vidole vya miguu, na kadiri unavyokwenda mbele yanakuwa marefu mpaka unafika kwenye ukuta mrefu. Nyuma ya ukuta huo ndiko kuliko mtambo unaosukuma maji yawe mawimbi. Katikati imepita kamba yenye maboya mekundu, na sisi wanaoanza hatuvuki kamba. Pembeni kuna ngazi za chuma za kupandia, na karibu na ngazi ya mwisho, upande wetu wa kamba, kuna kibanda cha mwendesha mtambo. Zamani kulikuwa na king'ora cha kuonya kabla ya wimbi. Tulipoanza darasa kilikuwa kimeharibika. Mwalimu wetu ndiye aliyekuwa anapuliza filimbi, na bila filimbi yake mwendesha mtambo haruhusiwi kuwasha.

Mwalimu huyo ni kijana ambaye wote tulimwita Kocha. Ndiye mliyemweka mahabusu humu humu ndani.

Wiki ya kwanza hatukugusa wimbi. Tulilala kifudifudi juu ya mbao za sponji zilizotandazwa kwenye vigae, tukawa tunajifunza kuinuka: mikono, goti, mguu, simama. Tulikuwa wanawake saba, na mama ndiye mkubwa kwa mbali. Magoti yake yalikuwa yanalia mpaka mtu wa pembeni anasikia. Kocha akamwambia, "Mama, ukichoka pumzika." Mama akamjibu, "Nimepumzika miaka mitatu, baba. Endelea." Tangu hapo wenzetu wakawa wanamwita Kamanda.

Tulipoingia majini alianguka kuliko sisi wote. Alikuwa anakunywa maji, anakohoa, anatafuta ubao wake, anapanda tena. Kwenye basi la kurudi alikuwa ananisimulia kila kuanguka kama vile sikuwepo. Nyumbani alifanya mazoezi kwenye mkeka wa sebuleni, akanitaka nikae pembeni nimhukumu. Hakuwahi kufanikiwa kusimama. Alifika kwenye goti, basi, anakwenda chini. Mimi nilisimama wiki ya tatu, nikamwona anapiga makofi kwa furaha, lakini siku hiyo kwenye basi alitazama nje ya dirisha mpaka tukashuka.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, tulifika saa tatu kasoro asubuhi. Kulikuwa na viti vimepangwa upande wa maji mafupi, na spika kubwa mbili. Mfanyakazi wa chumba cha kubadilishia nguo alituambia kuna wageni wa meneja wanakuja kuangalia mahali kwa sababu wanataka kuwekeza. Tuliingia darasani kama kawaida. Kocha alitupa mawimbi madogo, na mama alianguka kama kawaida.

Saa nne hivi wageni walifika, muziki ukaanza. Meneja akamwita Kocha aende awatembeze wageni wengine kwenye mabomba ya kutelezea, upande wa pili wa bustani. Kocha alimjibu mbele yetu, "Bosi, nina darasa majini." Meneja akasema, "Dakika kumi tu, usinitie aibu." Kocha akatugeukia akasema, "Mtambo umezimwa, hakuna wimbi mpaka nirudi. Fanyeni mazoezi ya kupanda ubao kwenye maji yaliyotulia. Msivuke kamba." Akaondoka, filimbi ikiwa shingoni mwake. Nataka hilo liandikwe hivyo hivyo.

Maji yalikuwa yametulia kabisa. Mama aliniambia kwamba pale tulipo ni pafupi, akianguka anajigonga magoti, na kwamba anataka kujaribu mbele kidogo ambako ubao unaelea vizuri. Nilimwambia Kocha amekataza. Akasema, "Kocha amekataza kwa sababu ya mawimbi. Mawimbi yako wapi?" Alivuka kamba akiwa amelala juu ya ubao. Ni kweli alivuka. Nimeulizwa mara mbili na najibu vilevile.

Mimi nilitoka majini kwa ngazi ya mwisho kwa sababu kilemba changu cha plastiki kilikuwa kimefunguka. Nilisimama kando ya kibanda nikikifunga. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Meneja aliingia bila kunitazama. Nilimsikia akimwambia mwendesha mtambo, "Washa. Wageni hawakuja kuangalia maji ya kunawa."

Mwendesha mtambo akasema, "Bosi, kuna watu ndani. Na filimbi sijaisikia."

Meneja akasema, "Si ndiyo vizuri, waone watu wanacheza. Washa lile kubwa."

Nilipiga kelele. Nilimwambia meneja kuna mtu ng'ambo ya kamba, nikapunga mikono kuelekea kwa mama. Muziki ulikuwa juu. Meneja alinitazama akainua kidole gumba, kama mtu anayesalimiwa na shabiki. Kisha nikasikia ule mlio wa nyuma ya ukuta, kama lori linalotiwa gia.

Wimbi hilo sikuwahi kuliona kabla ya siku ile. Lilipanda ukutani likaja. Mama alikuwa amelala juu ya ubao na mgongo wake umelielekea. Alipolisikia aligeuza kichwa. Nadhani aliogopa, sijui, nilikuwa mbali. Kisha nikaona anaweka mikono. Goti. Mguu. Akasimama.

Alisimama kweli. Alikuwa amepanua mikono, na wimbi linambeba, na wageni wakaanza kushangilia. Alikwenda hivyo labda kwa muda wa mtu kuhesabu mpaka sita. Alikuwa ananitafuta. Najua kwa sababu aligeuza kichwa upande niliokuwa, na ubao ukageuka na kichwa chake. Ulitoka kwenye mstari ukaja pembeni, kwenye ngazi ya chuma iliyo chini yangu. Kichwa kiligonga bomba la ngazi. Nilisikia mlio wake pamoja na muziki.

Jaketi la kuelea lilimweka juu ya maji, lakini uso ulikuwa chini. Wimbi la pili lilimpitia. La tatu pia. Nilishuka ngazi nikamshika mkono, maji yakaninyang'anya. Mwendesha mtambo alikuwa ameshazima, ila mtambo ule ukizimwa hausimami papo hapo. Aliyemtoa ni Kocha. Alikuja mbio kutoka upande wa pili, akaruka na viatu vyake. Alimlaza juu ya vigae na kumkanda kifua mpaka akatapika maji. Alikuwa anamwambia, "Kamanda, Kamanda, nisikie." Hapakuwa na gari la wagonjwa. Tulimpeleka hospitali kwa gari linalobeba taulo.

Mama yuko wodi ya uangalizi maalumu mpaka leo, siku ya tisa. Anapumua kwa mashine. Daktari aliniita pembeni siku ya tatu akasema, "Dada, mimi sipendi kumdanganya mtu." Nikamwambia asinidanganye. Akaniambia nisitegemee kitu.

Sasa kuhusu video. Mgeni mmoja alirekodi kwa simu. Video inaanzia mama akiwa kwenye goti na inaishia akiwa amesimama, kabla hajafika kwenye ngazi. Kilichofuata kimekatwa. Wameweka wimbo juu yake, na maneno yanayosema bibi hana habari na uzee. Imesambaa kila mahali. Siku ya tano nilikwenda saluni kwa sababu kuna kichwa nilikuwa nimekiacha nusu. Mteja alinigeuzia simu akasema, "Mama Nywele, umemwona huyu bibi? Nimecheka mpaka machozi." Hakumjua. Nikamwambia nimemwona. Nikamaliza kichwa chake.

Meneja alikuja wodini siku ya sita na maua na karatasi aliyoichapa. Alitaka niweke sahihi kwamba mama alivuka kamba kwa utashi wake na kwamba Kocha alitelekeza darasa. Nilimuuliza, "Na wewe uliyesema washa?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, pole. Mtambo ule unajiwasha kwa saa. Kila mtu pale anajua." Kisha akanionyesha video ile. Akasema, "Mwangalie mwenyewe. Huyu ni mtu aliyelazimishwa?" Sikuweka sahihi. Aliyaacha maua kwenye kiti.

Mwendesha mtambo nilimpigia siku hiyo hiyo. Alisema, "Dada yangu, nina watoto," akakata. Sasa simu yake haipatikani. Nimeambiwa hapa kituoni kwamba naye ameandikisha kuwa mtambo ulijiwasha. Wenzangu wa darasa niliwauliza mmoja mmoja. Walikuwa majini, masikio yamejaa maji na muziki. Hakuna aliyesikia.

Jana jioni alikuja mama yake Kocha. Sikuwa namfahamu. Ni mwanamke mfupi, anafua nguo za watu. Nilidhani amekuja kuniomba nimsamehe mwanawe, nikajiandaa kwa maneno. Hakuomba kitu. Alikaa miguuni kwa mama, akaingiza mikono chini ya shuka, akaanza kumkanda nyayo taratibu, kama anayemfahamu. Alifanya hivyo muda mrefu. Baadaye akaniuliza, "Kesho utawaambia nini?"

Nikasema, "Nilichokisikia."

"Nani mwingine alisikia?"

"Hakuna."

"Basi," akasema. Akaendelea kukanda.

Nimeulizwa na afande kama ninao uhakika kwamba sauti ile ilikuwa ya meneja. Ninao. Nimeulizwa kama ninao ushahidi mwingine mbali na maneno yangu. Sina. Nimeulizwa kama bwawa lile bado limefungwa. Halijafungwa. Lilifunguliwa Jumamosi, nimepita na basi nikaona foleni. Mlinzi wa getini aliniambia watu wengi wanauliza alipoteleza yule bibi, wapigie picha hapo.

Nimeulizwa ninataka nini. Nilipokuwa njiani nilidhani najua. Nataka iandikwe kwamba Kocha alisema ana darasa majini, na akavutwa akatoka. Hilo ninaliomba. Lingine sijui. Kila mtu mtaani ananiambia angalau alisimama, angalau alitimiza. Wananiambia kwa nia njema. Mimi nilimwona anasimama na nimemwona akilala pale siku tisa. Natafuta namna ya kuviweka viwili hivyo pamoja, haviwekeki. Ningependa awe anaanguka bado.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mimi mwenyewe. Nimesomewa nikayasikiliza mpaka mwisho, ni yangu, na nimeweka sahihi bila kupunguza wala kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA: Nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano asubuhi. Shahidi alikuwa mtulivu muda wote. Mara baada ya kuweka sahihi alipigiwa simu na wodi, akasikiliza, akajibu "Sawa," akanipa simu nizungumze na muuguzi. Muuguzi amethibitisha kwamba majeruhi amefariki saa nne na dakika arobaini, wakati maelezo haya yanaandikwa. Jalada litafunguliwa upya kama la kifo. Mtuhumiwa aliyeko mahabusu ni yule yule. Meneja ametajwa na shahidi mmoja tu, huyu. Nimemweleza shahidi kwamba anaweza kwenda. Amesema anajua. Nilipokabidhi zamu saa kumi alasiri alikuwa bado amekaa kwenye benchi la mapokezi.