Kitanda Kilichotolewa Nje

Dilala, Kolwezi, Jumatatu

Tata mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama huko Dilolo. Kifua chake kimepata nafuu? Kwa shangazi tuko wazima, ila moyo wangu haujatulia tangu jana.

Uliniagiza niende ukumbi wa parokia wakiijadili riwaya yako, nikuandikie kila neno. Mhakiki kutoka Lubumbashi aliisifu sura ile ya kituo cha polisi, inspekta anapomwomba mjane alete karatasi za kuandikia malalamiko yake mwenyewe. Kisha akafika kwenye kitanda.

"Inspekta anaona kitanda uani mchana, basi ameshajua wanachimba madini chumbani na maiti iko shimoni! Alama za vidole ziko wapi?"

"Tata Polisi alilala mu ile kitanda, akaota muuaji!" mtu mmoja akapaza sauti, akimtania inspekta.

Ukumbi mzima ukacheka. Mhakiki anataka ukiondoe kitanda, na tajiri mwenye shimo akamatwe mwishoni. Mchapishaji wako, aliyekaa kando yake, alisema bila hayo hakichapi kitabu tena.

Wakauliza kama mwandishi ana ndugu humo ndani. Tata, sikuinua mkono. Nilitazama viatu vyangu vya shule. Wewe ulikuwa karani wa polisi miaka yote ile, ukiandika malalamiko ya watu ambayo hayakufika popote, nami nilishindwa kusimama mara moja tu. Uchungu wake ninao bado.

Mlangoni mama mmoja muuza mihogo wa mtaa wa Kasulo alinishika mkono. Alikuwa ameona jina lako kwenye daftari langu.

"Ni tata yako?"

"Ndiyo, mama."

"Siku bwana yangu alishuka mu shimo, asipande tena, kitanda yetu pia ilikuwa inje. Bapolisi balipita, baliona kitanda, balitusalimia tu. Na hakuna tajiri mwenye alifungwa. Umuambie asiguse ile kitanda."

Nilimpa nakala yangu ya riwaya. Binti yake atamsomea.

Jumapili wanarudi kumaliza mjadala. Mama huyo atakuja, nimemwomba akae karibu nami.

Msalimie kaka yangu wa relini, na bibi anayeuliza kila mara kama nimekonda: mwambie bado. Mchapishaji mjibu upendavyo, Tata, lakini kitanda kibaki uani.

Ni mimi mwanao, nitakayesimama Jumapili,
Odile