Shahidi wa Gauni la Kijani

Buenos Aires, 3 Juni 1993

Mpendwa dada Nélida,

Hujambo huko Rosario? Kifua je? Mimi mzima, ila baridi inatukata. Asante kwa barakoa. Nikiivaa kwenye maandamano, hata mama hatanijua, na kazi yangu ya ualimu itapona.

Dada, nina neno, usikasirike. Wenzangu wanaomba nyie matravesti mtembee nyuma, mbali na kamera. Wanasema watu wakiona wanaume wamevaa gauni, viatu vya visigino na manyoya, hawatatusikiliza sisi mashoga wa suti. Ni mwaka huu tu.

Kaka yako,
Evaristo

Rosario, 11 Juni 1993

Kaka Evaristo,

Mimi mzima, kifua kinakoroma kama kawaida.

Yaani wewe! Umefunika uso kwa karatasi niliyoikata mimi, halafu mimi ninayetembea na uso wangu mchana kweupe ndiye wa kufichwa? Polisi walipotuzoa kwenye dansi ya kanivali, waliuliza nani shoga, nani travesti? Walitusukuma selo moja. Ukalia umejifunika sketi yangu, na manyoya hayakukutia aibu.

Siji. Siku utakayoivua hiyo barakoa, niandikie.

Dada yako, hata ukinikana,
Nélida

Buenos Aires, 30 Julai 2010

Dada Nélida,

U hali gani? Miaka imekwenda, sijui hata kama bado unakaa hapo.

Nimeivua. Sheria ya ndoa za mashoga imepita, na mimi na Anselmo tutaoana kwa uso wangu na jina langu kamili. Matravesti walikesha nasi nje ya bunge kwenye baridi ile, nami nikaona haya. Nisamehe. Nataka uwe shahidi wangu, simtaki mwingine.

Kaka yako,
Evaristo

Rosario, 19 Agosti 2010

Kaka we!

Nimelia, nimecheka, birika limeungua jikoni. Nilikusamehe zamani, mjinga wewe.

Lakini shahidi hutoa kitambulisho, na karani husoma jina kwa sauti. Changu bado kina jina la kiume nililopewa utotoni, Rogelio. Aite Rogelio mbele ya watu wote, nisimame mimi na gauni langu? Siwezi, kaka. Sheria yetu ya kubadili jina nayo inakuja. Nikipata kitambulisho changu nitakuja, gauni la kijani nimeshalishona. Nyie oaneni, msinisubiri. Kifua kinanisumbua kidogo tu.

Dada yako,
Nélida

Buenos Aires, 10 Mei 2012

Dada!

Hujambo? Sheria yenu ya majina imepita jana! Hakuna daktari wala hakimu, unakwenda kwa msajili unasema jina lako, basi. Hatujaoana, tunakusubiri wewe. Anselmo ananung'unika kwamba atazeeka akiwa mchumba. Chukua kitambulisho, panda basi uje.

Kaka yako,
Evaristo

Buenos Aires, 20 Novemba 2012

Dada Nélida,

Safari hii sijui nikujulie hali vipi. Barua ya Mei ilirudi, nikaja mwenyewe. Jirani yako akanipa gauni la kijani, limepigwa pasi. Alisema kifua kilikuchukua mwezi Machi. Msalabani waliandika Rogelio. Nimelifuta, nikaandika Nélida, mlinzi wa makaburi akinifokea.

Kwenye maandamano mabinti wenzako walikuwa mbele kabisa, wakipunga vitambulisho vipya. Wakaniita, "Babu, njoo huku, kamera ziko huku!" Nikawaambia niacheni. Nilitembea nyuma hadi mwisho, gauni lako begani.

Ijumaa tumeoana. Aliyetia saini ni dada yake Anselmo. Lakini karani alipouliza shahidi wangu ni nani, nilisimama nikalitaja jina lako kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

Kaka yako,
Evaristo