Vijiti Nyuma ya Maji

Mama,

Najua ungekuwepo ungeniambia niache kalamu nikapalilie. Nimeshapalilia. Sasa nisikilize.

Maji yalikuja arobaini yako ilipopita tu. Mpunga wako, ule uliokupigisha kelele za kuamia ndege kutwa nzima, wote ukalala chini ya mto. Kaka Shabani akasimama ukingoni na viatu vyake vya mjini: "Hapa basi, mdogo wangu. Shamba tumpe mtu mwingine, wewe rudi Kibiti kwenye chapati zako." Nikamwomba msimu mmoja wa mahindi. Akakubali, ila nikishindwa, shamba linakwenda.

Nikalima mlau kama ulivyonifundisha, kupanda nyuma ya maji yanavyorudi mtoni. Kila asubuhi nachomeka kijiti pale maji yalipoishia, napanda kati ya kijiti cha jana na cha leo, naondoka. Unakumbuka nilivyokuwa nakusumbua, kwa nini tusingoje pakauke pote tupande siku moja? Ulinipiga kikofi cha bega: "Maji yakirudi hatua, nawe songa hatua. Ukingoja pote, utapanda kwenye vumbi."

Halafu mto ukageuka. Ukapanda tena, ukameza mistari yote ya chini. Siku ile, Mama, nilipanda kwenye dungu lako la kuamia ndege nikalia... nikakuita kama mtoto. Nilipochoka kulia nikapiga hesabu. Kilichokwenda ni robo. Robo tatu zimesimama, mimi nalilia nini? Nikang'oa vijiti, nikarudi nyuma, nikaanza tena kufuata maji.

Nimevuna. Magunia yamejaa ndani mpaka kuku hawana pa kulala. Shamba ni letu bado.

Ila kuna neno linaniuma. Wanasema nina bahati. Jirani yetu Bi Mwajuma kafika mbali zaidi: "Huyo mama yake kamwachia dawa." Dawa gani hiyo iliyoniozesha vidole vya miguu kwa tope? Mbona nilipokuwa nafukuza nguruwe peke yangu hakuna aliyekuja kuiomba?

Kaka naye, alipoona mahindi yangu yameota, alijaribu kipande cha juu. Alingoja pakauke pote, akapanda siku moja. Yameota machache, kama meno ya bibi kizee. Nilishamwandalia maneno makali. Jana kaja, kauliza, "Hivi Mama alikuwa anaanzia wapi?" Hakusema bahati, Mama. Kauliza unapoanzia. Yale maneno makali nikayaweka kando.

Nikamwambia, vua viatu kwanza. Akacheka, akavua. Tukashuka mpaka mtoni nikamwonyesha.

Pumzika sasa, Mama, Mungu akupe nuru huko uliko. Dungu lako nitaliezeka upya kabla ya mvua. Na maji yakianza kurudi, nakuahidi, kijiti cha kwanza atachomeka Kaka, miguu mitupu.

Mwanao,
Zaituni