Hukukosea Kitu, Nakiru

Dada yangu Nakiru,

Hata sasa nikisikia jambo jipya, naanza kukuambia wewe kabla sijakumbuka kwamba hupo.

Juzi sisi wakunga tuliitwa mafunzoni Lodwar. Daktari akatueleza kuhusu homoni moja ya ubongo, kisspeptini. Ndiyo inayouamsha mwili wa msichana uanze kupevusha mayai. Mwanamke akishika mimba, kondo la nyuma nalo huitoa kwa wingi, na inaonekana husaidia kuituliza kinga ya mwili isimwone mtoto kama mgeni wa kufukuzwa. Baadhi ya wanawake ambao mimba zao hutoka hukutwa nayo kidogo. "Bado inachunguzwa," alisema. Wenzangu wakaendelea kuandika. Mimi nilitoka nikalia nyuma ya tangi la maji.

Nilikuona wewe, dada. Wewe uliyekuwa ukishona vinguo mimba ikiwa changa, kisha ikitoka unawagawia majirani. Hii ya mwisho ulinipigia simu ukicheka: "Huyu anapiga teke! Huyu amekataa kutoka." Halafu damu. Halafu mto ukafurika, na gari lililokuwa likikupeleka hospitali ya Lodwar likasimama ng'ambo.

Mazishini, mama mkwe wako alisema mbele ya watu, "Tumbo lake lilikuwa linakula watoto. Sasa limemla na mwenyewe." Mama yetu alinibana mkono nisijibu.

Kwa hiyo baada ya mafunzo sikurudi kazini Kakuma. Nilienda kwa mama mkwe wako, Namoruputh. Nilimkuta akikamua mbuzi, nikamweleza yote, polepole, kwa Kiturkana. Hakuacha kukamua.

"Hicho kitu cha kichwani, mngekipima?"

"Hapa kwetu, hapana."

"Kina dawa?"

"Hapana."

"Una hakika ndicho kilichomuua?"

Nakiru, sina hakika. Sitakuwa nayo kamwe. Wewe uko chini ya mawe, hakuna wa kupimwa.

"Basi umeniletea nini?" akauliza, akainuka na maziwa yake.

Lokol, mumeo, alikuwa zizini anasikia yote. Ameoa tena. Mke mpya ana mimba, na nilimwona akinichungulia mlangoni kwa hofu, kama mimi ndiye niliyebeba huo ugonjwa. Lokol aliendelea na mbuzi wake. Hata jina lako hakulitaja.

Jana wodini Kakuma, mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi alipoteza mimba yake. Akanishika gauni. "Nilikosa nini, mama muganga?" akauliza, akiniita kama waitwavyo wauguzi kwao. Nikamwambia hakukosea kitu. Akageukia ukutani. Hakuniamini. Wewe ulikufa ukiuliza hilohilo.

Sina dawa. Sina kipimo. Nina hayo maneno tu, na ninakuahidi kwamba kila atakayeletwa kwangu akivuja damu atayasikia, hata akinipa mgongo.

Pumzika, dada. Ningetaka uyasikie wewe kwanza.

Mdogo wako,
Akai