Baba, Simu Yako Ilikataa Kupakua

Kwako Baba, ulikolala,

Nakuandikia nikiwa na hasira, afadhali nikuambie mapema. Tangu tulipokuzika hapa Beni miaka miwili iliyopita sijawahi kukukasirikia. Niliona si haki kumkasirikia mtu asiyeweza kujibu. Wiki hii nimeshindwa. Simu uliyoniachia ilikaribia kuninyima kazi, na aliyesababisha hayo ni wewe.

Ulituacha ukijua kwamba nimemaliza chuo Butembo. Hukuyaona yaliyofuata: vipindi vichache vya kufundisha katika shule ya mtu binafsi hukohuko Butembo, na maombi ya kazi ambayo hakuna aliyeyajibu. Jumatatu nikapata ujumbe. Nimechaguliwa kuwa miongoni mwa watakaopita vijijini kuwauliza watu wanachota maji wapi na wanatembea mwendo gani kuyafikia. Mafunzo ni Ijumaa, Beni. Kila mmoja aje na simu yake, programu ya maswali ikiwa imeshaingia ndani. Asiyekuwa nayo mlangoni, jina lake linafutwa na nafasi anapewa mwingine.

Nikabonyeza "Pakua". Kikatokea kiduara kinachozunguka, na chini yake neno moja: "Inasubiri". Kilizunguka asubuhi nzima. Nikanunua mega nyingine za mtandao. Nikazima simu, nikawasha. Nikapanda mlimani penye mtandao mzuri, nikasimama huko nimeinua mkono kama mtu anayesimamisha gari. Inasubiri. Baadaye ikaandika kwamba kuna hitilafu, nijaribu tena. Hitilafu gani, haikusema. Unajua jinsi ninavyochukia kukataliwa bila kupewa sababu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinikatalia hivyo. Ulisema "hapana", ukawasha gari.

Katika miaka hii miwili sikuwahi kupakua kitu. Hapa kwetu programu tunaombana. Unakaa karibu na mwenzako, anakutumia kutoka simu yake, imekwisha. Hii ilikataa njia hiyo. Kila mtu alitakiwa kuichukua mwenyewe mtandaoni.

Jumanne nikaipeleka simu kwa fundi, kwenye kibanda chake karibu na soko. Aliipekua kidogo tu.

"Dada, simu imejaa. Hapana ugonjwa mwingine."

"Imejaa nini? Picha nimeshafuta zote."

"Angalia hapa. Ma-audio, ma-audio, ma-audio. Ni ya nani hii? Muziki?"

"Ni ya baba yangu."

Akafungua moja. Sauti yako ikajaa kibanda kizima: "Ba-chauffeur, bonjour. Mavivi munapita muzuri. Mbele ya daraja kuko poto-poto, matope mingi, mwenye gari nzito angoje kwanza. Hapana kulazimisha, gari hapana mbuzi."

Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Muzee alikuwa anajua kusema! Mais dada, hii ni habari ya barabara ya zamani. Ya kazi gani? Unataka kazi, ao unataka poto-poto?"

Alikuwa akitania. Mimi nililichukua swali lake kama mtihani.

Zile sauti hukuwa umenitumia mimi. Kila asubuhi ulikuwa ukiwatumia madereva wenzako, uwaeleze tope liko wapi, daraja gani limelegea, wapi malori yamepanga mstari. Hakuna hata moja iliyotaja jina langu, nilizisikiliza zote nikitafuta. Lakini nyuma ya maneno yako ilisikika injini, ulisikika ukikohoa, na katika moja ulimfokea mtu aliyekumwagia chai. Nikajiambia fundi anasema kweli, matope ya zamani hayamsaidii mtu. Nikazifuta mwenyewe, kwa kidole changu. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.

Kisha nikabonyeza "Pakua". Inasubiri.

Jumatano nilipanda gari kuja Beni kwa Mama, kwa sababu Ijumaa ilikuwa inakaribia na sikujua tena la kufanya. Alhamisi alasiri nilikuwa nimekaa naye uani, yeye anachambua maharage, mimi nakitazama kile kiduara.

"Zaina, angalia saa. Alasiri imefika?"

"Kumi na dakika ishirini, Mama."

Sijafunga mdomo, redio ya jirani ikatangaza kwa Kifaransa: seize heures vingt, kumi na sita na ishirini. Nikaitazama simu tena. Ilikuwa imeandika 10:20. Kumi, wakati kwa hesabu ya redio ilitakiwa iandike nne, 4:20. Miaka miwili, Baba, nimeisoma saa hiyo kila siku na sikuona kosa, kwa sababu iliandika kama tunavyosema. Ujumbe ukiingia saa mbili, simu iliandika mbili, nami nikasoma mbili. Na mimi ndiye ninayesahihisha makosa ya watoto kwa kalamu nyekundu.

"Mama, saa ya simu hii imekosewa."

"Imekosewa wapi? Si ni kumi?"

"Ilitakiwa kuandika nne."

"Nani anasemaka saa ine ya alasiri, weye? Baba yako njo aliitengeneza hivyo, wakati ulikuwa kwa masomo. Alikaa siku nzima pale kando ya gari, anafinya, anafinya. Akakuja kunionyesha: sasa njo inasema kweli."

Ndipo nikakumbuka Ramadhani ile ulipotoka kunichukua Butembo. Giza lilikuwa halijaingia, tumesimama kando ya barabara, tende iko mkononi mwako, tunangoja jua lizame tufuturu. Simu ikaandika sita. Ukaikasirikia kana kwamba ni mtu. "Sita? Sita ni saa ya kula fufu! Jua linaanguka, yenyewe inaniambia ni muchana!"

Nikakuambia, "Baba, dunia nzima inahesabu hivyo."

"Dunia nzima ikuje hapa ione jua."

Nilicheka sana siku ile. Sikujua kwamba ungeirudia simu hiyo ukaishinda.

Kumbe huko mtandaoni wanalinganisha saa. Simu iliyoachana nao kwa saa sita hawaiamini, wanaiambia isubiri tu. Nikairudisha kwenye saa ya mtandao. 10:26 ikawa 4:26. Nikabonyeza. Programu iliingia kabla Mama hajamaliza kutawadha.

Sikufurahi, Baba. Nililia kwa hasira mpaka Mama akadhani kuna msiba. Simu haikuwa imejaa. Haikuwahi kujaa. Nilikufuta bure.

Ijumaa, mlangoni, mama mwenye orodha aliitazama simu yangu kwa sekunde moja, akatia alama mbele ya jina langu, akamwita anayefuata. "Suivant." Siku nne za mateso zikaishia kwenye neno hilo.

Nilipotoka, nilikwenda pale malori yanapopakia kumtafuta Muzee Saidi, uliyesafiri naye miaka mingi. Nikamuuliza kama zile sauti za asubuhi anazo bado katika simu yake. Alinitazama kwa huruma.

"Zile za baba yako? Binti yangu, tulikuwa tunasikiliza asubuhi, tunafuta palepale. Barabara ya jana utaifanyia nini?"

Kwa hiyo uliwasemesha wanaume wote wale, na aliyekutunza ni yule ambaye hukuwa ukimsemesha. Naye amekufuta. Ninajikasirikia kwa hilo, kisha ninakukasirikia wewe. Ulipata siku nzima ya kupigana na saa, na hukupata dakika ya kuniambia. Ulijua kuwaeleza watu shimo liko wapi kabla hawajalifikia. Mimi uliniacha nianguke ndani ndipo nilijue.

Jumatatu naanza kazi. Wananituma upande wa Kamango. Simu inafanya kazi, programu imo ndani, jina langu liko kwenye orodha. Nimewauliza madereva watatu habari za njia, kila mmoja amenieleza lake. Nitaondoka asubuhi na mapema, saa ile uliyokuwa ukitoa habari zako, na hakuna atakayeniambia barabara ikoje.

Mungu akurehemu, Baba. Hasira yangu haijaisha, ila sikutaka kushika safari bila kukuaga.

Binti yako wa pili,
Zaina