Kura ya Mzee Wetherill

Jumatatu, 5 Desemba 1808

Sijamwambia mtu, hata mama: sitaki baba awe seneta. Wajumbe wa Bunge la jimbo watachagua keshokutwa — yeye au Bwana Strode. Baba akishinda anakwenda Washington, nami naacha shule, maana mama hawezi kuendesha nyumba ya wageni peke yake. Na ndiyo kwanza nimeanza Kilatini!

Naona aibu hata kuyaandika haya.

Jumanne, 6 Desemba

Nyumba imejaa wajumbe. Moshi wa viko, matope mpaka ngazini. Wanasema kura zimelingana, imebaki moja tu: ya Mzee Wetherill, mtu wa baba, anayeugua homa chumba cha juu.

Mjumbe mmoja wa Strode alimpigia kelele kutoka ngazini — Mzee, kura yako inakohoa!

— Inakohoa, bwana, lakini haijauzwa kama yako!

Vicheko. Baba hakucheka.

Nilipompelekea mchuzi, mzee akasema: Binti, kesho kengele ikilia niamshe. Asiyekuwamo ukumbini hana kura.

Nikaitikia. Kwa sauti ndogo mno.

Jumatano, 7 Desemba

Kengele ililia. Wote wakatoka mbio. Baba alikuwa kwa shangazi. Si adabu mgombea kuonekana karibu na ukumbi. Mama naye alikuwa kwa jirani anayejifungua. Bwana Thorne, mjumbe wa upande wa baba, alinipita mlangoni: Mlete mzee, wanaita majina kwa mpangilio wa herufi, lake li mwishoni.

Nikapanda. Mzee amelala fofofo. Nikakaa na kitabu. Nikajiambia, mgonjwa aachwe apumzike. Daktari angesema hivyo hivyo! Nikasoma mstari uleule, tena na tena.

Kisha nikamtikisa.

— Wameanza?

— Wameanza, mzee.

— Mbona umesimama kama mshumaa? Buti!

Nikamvisha buti, nikamfunga blanketi, tukatoka kwenye theluji. Mzito, yule mzee! Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Nikasikia: Sutton — Strode! Thorne — Pruett! Jina la baba.

Bawabu akasema wanawake hawaingii. Nikamkabidhi mkono wa mzee.

Sikungoja. Nilirudi nyumbani, nikachochea moto, nikamenya viazi. Sasa naandika jikoni. Watu wanakuja barabarani wakilishangilia jina la baba. Nimeweka maji mekoni, nimejifunga aproni ya mama.