Jina la Babu Kwenye Darubini

4 Machi 1978

Mwanangu,

Natumai u mzima huko kazini kwako. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako limeanza tena ukaidi wake.

Nakutumia darubini ya babu yako kwa mkono wa dereva wa lori. Mwambie fundi wako aisafishe, kisha achonge jina la babu kwa herufi kubwa pale pale penye vimaandishi vya Kijerumani. Avisage kwanza, havina kazi. Nimechoka! Miaka kumi na moja tangu msiba, na bado wako wanaonong'ona kwamba kaka yangu hakuiba. Hakuiba? Nilimkuta kwa macho yangu akiishusha ukutani, baba hajapoa kaburini. Eti ni yake, eti aliileta yeye kutoka vita vya pili, mimi nikiwa mtoto, akamwachia baba amtunzie. Baba alitusimulia mara ngapi jinsi ofisa wa Kijerumani alivyompa mwaka wa 1917? Jina likishachongwa, mwenye mdomo asome.

Baba yako

19 Machi 1978

Baba, shikamoo.

Mpe mama pole ya goti. Mimi mzima, ila macho yananiuma kwa kazi ya lenzi.

Darubini nimeisafisha mwenyewe. Sijachonga kitu, na nakuomba unisikilize kabla hujakunja uso. Fundi mkuu ana sharti lake: hapa karakanani hakisagwi kitu kabla alama zake hazijanakiliwa kwenye karatasi. Nikaketi kunakili. Upande wa kulia pana neno Dienstglas, yaani darubini ya kazi ya jeshi, na 6 x 30, vipimo vya lenzi. Kushoto pana herufi tatu ndogo na namba. Jina la kiwanda hakuna. Fundi akaweka kikombe chake chini. Anasema darubini za vita vya kwanza alizowahi kushika zote zina jina la kiwanda kwa urefu. Herufi tatu ndogo ni za vita vya pili, viwanda vya Kijerumani vilipokuwa vinaficha majina yao. Baba, mwaka wa 1917 darubini hii haikuwa imetengenezwa. Baba mkubwa alisema kweli.

Binti yako

28 Machi 1978

Mwanangu,

Afya yangu ilikuwa njema mpaka nilipofungua barua yako.

Nilikutuma uisafishe, sikukutuma uisome! Tangu lini mjukuu anamsahihisha babu yake kaburini? Huyo fundi wako alikuwepo? Herufi tatu tu zimekutosha kumfanya marehemu mwongo na baba yako mzushi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Saga, chonga, rudisha. Kama mkono wako ni mzito, mpe mwingine.

Mama yako anakusalimu. Mimi sikusalimu.

Baba yako

6 Aprili 1978

Baba, shikamoo, hata kama huitikii.

Sisagi. Babu sikumwita mwongo. Mtu akizeeka anaweza kuchanganya vita vyake na vya mwanawe. Lakini wewe hukuwa mzee. Nilikuwa na miaka tisa, nimebeba sinia la vikombe, nilipokusikia ukimwita kaka yako mwizi mbele ya waombolezaji wote. Aliiweka darubini mezani akatoka, hata koti lake akaliacha. Tangu siku ile haji kwetu, hatuendi kwake, na wanawe tukikutana sokoni hawanitazami. Leo unataka nimsage shahidi pekee aliyebaki? Nina hasira, baba, na sioni aibu kuziandika. Nairudisha na alama zake zote. Ukitaka zifutike, nunua tupa uzifute kwa mkono wako mwenyewe.

Binti yako

2 Julai 1978

Mwanangu,

Nimekawia kujibu. Hatujambo, goti lina nafuu.

Tupa niliinunua. Ikakaa mezani kando ya darubini wiki nzima, sikuigusa. Mwisho nikaichukua darubini, nikapanda basi kwenda kwa kaka. Nilimkuta anapaka rangi mlango. Nikamweleza habari za fundi, za viwanda, za zile herufi tatu. Nilieleza vizuri sana, kama wakili. Akaendelea kupaka mpaka nikamaliza.

"Kwa hiyo Mjerumani amenitolea ushahidi," akasema. "Mimi uliyetoka nami tumbo moja nilikwambia, hukuamini. Chuma kimekwambia, umeamini."

Nikamnyooshea darubini.

"Ondoka nayo. Hukunivua nguo kwa darubini. Ulinivua kwa mdomo, mbele za watu."

Nilikasirika, mwanangu! Njia nzima nilikuwa nagombana na kioo cha basi: nampelekea mtu mali yake, ananifukuza? Nilipofika nyumbani hasira zikanigeukia mwenyewe, na hazijatoka.

Nimewaita wote waliokuwepo msibani, wale walio hai, Jumapili ijayo saa nne asubuhi. Nitasimama niseme kwamba hakuiba, na kwamba aliyemwibia mwenzake ni mimi. Nimempelekea habari kaka, hajajibu. Asipokuja nitasema vilevile.

Njoo ukae mahali nitakapokuona. Ila usinisaidie kusema.

Baba yako